Uwanja wa Ndege kwenye Kilima cha Mama

Wakati wa vita vya pili, klabu yetu ya huduma mjini Bukavu ilikuwa ikikutana kila Alhamisi alasiri katika chumba cha kulia cha hoteli moja kando ya ziwa. Hoteli yenyewe ilikuwa imebaki na paka, mhudumu mmoja asiyejua mshahara wake utatoka wapi, na sisi. Vioo vya upande wa ziwa vilikuwa vimepasuka na kuzibwa kwa mbao, kwa hiyo tulikaa karibu kabisa na maji bila kuyaona. Rais wa klabu alipiga kengele yake ndogo ya shaba, chai ikaletwa, na mpaka jua lielekee kuzama tulijifanya watu wa mji wenye amani.

Nasema tulijifanya, lakini sipendi wadharauliwe. Walikuwa madaktari, mawakili, wahadhiri, wafanyabiashara wachache, na wanawake wawili, mmoja wao mimi, mwalimu wa jiografia kwenye lise, yaani sekondari, ya wasichana. Tulikuwa tumetengeneza bomba la maji Kasha, pembeni mwa mji, na kila ilipowezekana tulipeleka dawa hospitalini. Kanuni yetu ya kwanza ilisema siasa haziingii mkutanoni. Katika mji ambao hata bei ya chumvi ilikuwa siasa, kanuni hiyo ilituachia mambo machache sana ya kuzungumza: miti, mabomba, na shinikizo la damu la wanachama.

Ndiyo maana rais alipoleta hoja ya uwanja mpya wa ndege, chumba kizima kilizinduka.

Rais alikuwa daktari wa upasuaji, mtu mnene, msafi, mwenye viatu vinavyong'aa hata siku za matope. Ndege zilizoleta dawa zilitua Kavumu, lakini barabara ya kutoka Kavumu hadi mjini ilikuwa ya watu wenye bunduki, leo hawa, kesho wale, na kuna siku ambazo hakuna dereva aliyethubutu kuwasha gari. Alituambia kwamba alikuwa ameshawazika wagonjwa ambao dawa zao zilikuwa zimekwisha fika, zimelala kule Kavumu ndani ya maboksi, mahali ambapo wakati wa amani mtu huenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Hakupaza sauti alipolisema hilo.

"Vita itaisha siku moya," alisema. "Bale batakuya kujenga, bakute siye tulishafikiriya."

Mhandisi wa barabara, mwembamba na mbishi, alisimama mara moja kutetea Sange. Kule kwenye uwanda wa Ruzizi ardhi imelala, alisema, ndege itashuka hata rubani akiwa amesinzia. Mtu akamwuliza mgonjwa atafikaje Sange kutoka Bukavu, kwa maombi? Mwingine akataja mlima ulio juu ya Kasha, na mhandisi akamjibu kwamba pale pataweza kushuka mbuzi tu. Tulicheka. Nilicheka pia, kwa sababu ilikuwa raha kubishana juu ya jambo lisilomuua mtu.

Kisha rais akakunjua ramani, akaweka kidole. "Mudaka," alisema. "Hapa, pembeni ya barabara. Ile kilima ya mugongo murefu. Batu hawako bengi."

Kilima chenye mgongo mrefu kilikuwa cha mama yangu.

Marehemu baba alikipata kwa ng'ombe wa kalinzi, yaani ng'ombe anayepewa chifu ili ardhi ibaki kwa mtu na kwa watoto wake. Mama alikuwa na migomba mteremkoni, maharage mgongoni, na kahawa kidogo upande wa machweo. Tangu vita vianze nilikuwa nimemsihi aje mjini hadi nikachoka. Jibu lake lilikuwa moja. Shamba lililoachwa wakati wa vita hupata mwenyewe mwingine, na yeye hakuwa amezaa ng'ombe mwingine wa kumpa chifu. Mguu wake mmoja ulikuwa umevimba tangu kukimbia kwa vita vya kwanza, na bado kila asubuhi alipanda kule juu na jembe.

Nilipaswa kusema kitu pale pale. Lakini ningesema nini? Kwamba maharage ya mama yangu yapimwe upande mmoja wa mizani, na wagonjwa wa daktari upande mwingine? Nilibaki nimeshika kijiko cha chai. Walikubaliana kwamba Jumamosi waende kupima kilima kwa macho na kwa futi, ili pendekezo liandikwe kisomi. Sikulala vizuri hata siku moja kati ya hiyo Alhamisi na Jumamosi.

Jumamosi nilipanda gari pamoja nao. Niliomba wanishushe kwenye kijia cha mama, wao waendelee hadi juu. Nilitaka anisikie mimi kabla hajawaona watu wa mjini wenye suti wakitembea juu ya maharage yake. Sikuwa na maneno. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga, na kila nilipoyapanga yalikuwa yananuka usaliti.

Nilimkuta jikoni, maharage motoni, akimenya ndizi. Karibu na mlango, kwenye msumari, ilining'inia filimbi ya plastiki kwa uzi mweusi. Kila nyumba ya kilima kile ilikuwa na filimbi. Wanaume walikuwa wamepanga ulinzi, na sheria yake hata mtoto aliijua: wauaji wakionekana, aliyewaona wa kwanza anapuliza, anayesikia anapiga sufuria ili na wa mbele asikie, kisha kila mtu anakimbilia bondeni. Hakuna kuuliza. Mchana filimbi haikuguswa kabisa. Mtoto aliyeichezea alichapwa na jirani yeyote aliyekuwa karibu, na mama yake hakulalamika.

"Mama," nilianza, "kuko maneno fulani ya hii mulima."

"Maneno gani?"

Hapo ndipo filimbi ikalia. Ilitoka juu, mgongoni mwa kilima, ikalia kwa kirefu mara ya kwanza, ikanyamaza kidogo, ikalia tena.

Mama hakunitazama. Aliepua sufuria, akamwaga maji motoni, akachukua mfuniko na mwiko na kuupiga ule mfuniko kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Jirani akadaka, na wa mbele yake akadaka. Mama akavuta mfuko uliokuwa umefungwa tayari nyuma ya mlango, akautia kichwani, akatoka. Mimi, mwenye diploma na kadi ya uanachama, nilikuwa tayari nje, nimemshika kiwiko, na tulikuwa tunakimbia.

Hofu ile naikumbuka mwilini zaidi kuliko akilini. Tuliteremka katikati ya migomba, mguu wake mbovu ukiburuza majani, nami nikimvuta zaidi ya nilivyopaswa kumvuta mtu wa umri wake. Alianguka kwenye mtaro, nikamwinua, akaanguka tena. Niliwaza watoto wangu mjini. Niliwaza wenzangu wa klabu, maana walikuwa juu kabisa, kule kule filimbi ilikotokea, na bila shaka wao ndio walioanza kukamatwa. Niliona viatu vya rais vinavyong'aa, na moyo wangu ukamlilia.

Bondeni tuliingia kwenye mafunjo, maji yakifika magotini. Tulikuwa wengi. Wanawake waliwaziba watoto midomo kwa matiti. Mama alikaa ndani ya maji moja kwa moja, kwa sababu mguu ulikataa kusimama, akashikilia mfuko kichwani kwa mikono miwili. Tulisikia sufuria zikipokezana kilima kwa kilima kuelekea barabara kubwa. Halafu tukasikia gari likiondoka kwa kasi sana, na baada ya hapo kukawa kimya. Kimya hicho kilikuwa kibaya kuliko kelele, kwa kuwa kila mmoja wetu alikijaza kwa aliyoyaona katika vita vya kwanza.

Jua lilikuwa limeinama tulipomsikia kiongozi wa walinzi akija. Alikuwa akitembea wima, bila kujificha, na uso umekunjamana.

"Nani njo alipiga?" aliuliza. "Nilizunguka nyumba yote. Kila mutu anasema hapana."

Akasema amepanda hadi juu na hakuona nyayo za askari wala nyumba iliyovunjwa. Alichokuta ni utepe wa chuma wa rangi ya njano umetandazwa juu ya maharage ya mama, na kiatu kimoja. Alikuwa nacho mkononi, akituonyesha. Kilikuwa kiatu cheusi cha ngozi, na matope yalikuwa hayajaweza kuuzima mng'ao wake.

Nilikijua kiatu kile. Sijui kama nilianza kucheka au kulia, mama alinishika mdomo akidhani nimepatwa na wazimu. Rais wetu, kila Jumapili, alikuwa mwamuzi wa mechi za vijana wa parokia. Filimbi ya uamuzi ilikaa mfukoni mwake siku zote. Mhandisi alikuwa ncha ya pili ya kilima ameshika futi, sauti haifiki, basi daktari akampulizia avute. Kilima kikamjibu kwa sufuria. Akaona watu wanakimbia, na kwa vile naye alikuwa mtu wa Bukavu mwenye akili timamu, akakimbia. Walikuwa wametoroka filimbi yao wenyewe, na mimi wakaniacha huko.

Mama alisikiliza maelezo yangu akiwa anakamua kitenge chake. Sikuficha kitu, hata habari ya uwanja wa ndege nilimwambia hapo hapo kwenye matope. Alisema tu kwamba anasikia baridi, na kwamba siku hiyo moja atalala kwangu.

Tulipata lori la makaa. Kufika Kasha tulikuta watu wamesimama kando ya barabara na vifurushi vyao, magodoro yamekunjwa. Mwanamke mmoja alitukimbilia.

"Maman, muko natoka Mudaka? Beko bengi?"

"Hakuna mutu," nilimjibu. "Ilikuwa filimbi ya bure."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama aliyefiwa ambaye hajaelewa. Mjini maduka yalikuwa yamefungwa. Wenzangu walikuwa wamefika kabla yetu na habari kwamba Mudaka imeingiliwa, na habari ya madaktari na mawakili haina mpinzani.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda mkutanoni na hasira yangu, na kile kiatu, nilichokiomba kwa kiongozi wa walinzi, ndani ya sakoshi yangu ya begani. Nilikusudia kukirudisha kwa maneno makali. Lakini nilipoingia nilimwona mgeni ameketi upande wa kulia wa rais, alipoketishwa mgeni wa heshima siku zote, na soda yake mbele yake. Alikuwa bwana wa idara ya usalama ya wale waliotutawala wakati huo. Alikuja mara moja moja, akitabasamu, kusikiliza jinsi tusivyoongea siasa.

Rais alinikumbatia, machozi yakimlengalenga. "Tulizani ulishakufa," alisema, na aliyasema kwa dhati. Kisha akapiga kengele na kutangaza kwamba kwa masikitiko anaondoa hoja ya Mudaka. Wameona kwa macho yao kwamba pale hapana usalama, na Mungu peke yake ndiye aliyewaokoa. Mhandisi akaongeza kwamba alisikia risasi. Mwingine, ambaye hakuwepo, alisema risasi zilikuwa nyingi. Sange ikaanza kupanda bei.

Nami nilikaa kimya, nikisikia kila uongo ukimrudishia mama yangu kilima chake. Ukweli ni kwamba nilifurahi. Shambulio ambalo halikutokea lilikuwa linalinda maharage yetu kuliko hotuba yoyote niliyoweza kutoa, na kazi yangu ilikuwa kunywa chai tu.

Mgeni akaweka soda yake mezani. "Kama Mudaka iliingiliwa," alisema taratibu, "bale batu balipita pahali moya. Kuko benye balibaficha. Kesho tutatuma basoda basafishe kule."

Hakuna aliyeuliza askari wakisafisha hufanya nini. Tulikuwa tumeona vijiji vilivyosafishwa. Akilini nilimwona yule kiongozi wa walinzi akitembea wima kwenye mafunjo, na wale wanawake na watoto wao. Nilisubiri mhandisi aseme kwamba labda hakusikia risasi vizuri, nilisubiri mtu yeyote, na wote walikuwa wanaangalia vikombe vyao.

Nilisimama.

"Président," nilisema, "mulipiga filimbi kule juu?"

"Ndiyo," alijibu, akishangaa. "Filimbi ya arbitre, ya mupira. Ili mwenzangu avute futi."

"Ku Mudaka filimbi inapigwaka tu kama bauaji banafika. Mulipiga, mama yangu akapiga sufuria. Jirani akapiga. Mukasikia masufuria, mukakimbia. Hakuna mutu aliingia Mudaka. Na kiatu yenu iko hapa."

Nikakiweka juu ya kitambaa cha meza, karibu na kengele.

Mgeni alikitazama kile kiatu kwa muda mrefu. Akainama chini ya meza akatazama miguu ya rais, akakitazama tena. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akatoa leso, na sisi sote tukacheka naye, maana mtu kama yule akicheka hucheki nusu. Alipomaliza alisema haoni haja ya kutuma mtu Mudaka kwa sababu ya daktari mwoga. Niliketi, nikashika kiti kwa mikono miwili.

Rais alikuwa mtu mwaminifu, hilo nitamtetea popote. Alikivuta kiatu chake, akakifuta kwa kiganja, akafikiri. "Basi Mudaka iko salama," alisema. "Hoja inarudi." Akaomba mikono. Iliinuka yote isipokuwa wangu, hata wa mhandisi, ambaye alikuwa anataka kusahauliwa haraka iwezekanavyo. Niliitazama mikono ile na sikuweza kuichukia. Wengine wao walikuwa wamefiwa na mtu aliyesubiri dawa ya Kavumu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimewaokoa majirani zetu na kukitoa kilima cha mama, na sikuweza kuvitenganisha vitu hivyo viwili.

Pendekezo lilikwenda lilikokwenda. Halikujibiwa. Waliotawala wakabadilika, wakaja wengine, ndege zikaendelea kutua Kavumu, na hakuna trekta lililokanyaga Mudaka. Jirani alilima shamba la mama na kutuletea sehemu yake kwenye gunia.

Mama alikuwa bado kwangu. Kwanza alisema atarudi Jumatatu, kisha baada ya mvua, kisha mguu ukipona. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na uwanja wa shule, na chini kwenye njia panda polisi wa trafiki. Filimbi ilipolia, ya mpira au ya magari, mama aliepua sufuria. Alijua ni ya nini. Nilimweleza, naye alinieleza mimi, na bado mkono wake uliondoka wenyewe. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, ila mama yangu hakushtuka, aliepua sufuria, akasubiri, kisha akairudisha motoni. Ndiyo maana nyumbani kwetu maharage yalichelewa kuiva.

Siku moja, amani ikiwa imekwisha tiwa sahihi na wakubwa na barabara ikipitika, nilikaa naye uani akichambua maharage ya kilima chake kwenye ungo. Niliona sasa naweza kumpa habari njema kikamilifu.

"Mama, ile maneno ya kiwanja ya avion ilikwisha. Hawatajenga. Mulima iko yako. Tunaweza kurudi hata kesho."

Aliendelea kuchambua. Alitupa kijiwe, akapuliza makapi.

"Na ile filimbi," aliuliza, "iko na nani sasa?"

"Iko na docteur. Yeye njo anayo."

Alitikisa kichwa polepole, kama ambaye hakutarajia jibu lingine.

"Basi akipiga tena kule, hii muguu haitakimbiya. Miye nibakiye hapa," alisema, na akanisogezea ungo nimsaidie.